Nuru Inayokatazwa Kutoka Majini: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Shule za Kitui na Makueni

Kwa Wakurugenzi wa Elimu wa Kaunti za Kitui na Makueni, kwa Walimu Wakuu wa shule za sekondari za kaunti hizo mbili, na kwa wajumbe wa Bodi za Usimamizi wa shule.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa ajili ya jambo linalochukua kurasa chache tu katika kitabu cha Fizikia cha kidato cha tatu, nalo ni jambo la nuru ambayo, ikiwa imo ndani ya maji au ndani ya kioo na ikataka kutoka kwenda hewani, hufika mpakani ikiwa imelala kupita kiasi, ikazuiwa kutoka, ikarudishwa yote ndani, wala nyuma ya mpaka huo pasiwe na zebaki wala bati wala rangi ya fedha iliyoirudisha. Wataalamu huliita kuakisika kamili kwa ndani. Nimelichagua hili, nikayaacha mengi mengine yanayostahili kuandikiwa, kwa sababu katika mlango wote wa nuru sijui jambo jingine linaloonekana kwa wepesi namna hii kwa mtu asiye na kifaa cha kununua, na papo hapo sijui jingine linalofundishwa kwa maneno matupu kulishinda.

Somo lenyewe mnalijua, maana wengi wenu mlishika chaki kabla hamjakalia viti vya ukuu. Mwalimu huingia, huandika ubaoni kwamba masharti ni mawili, kwamba nuru sharti itoke katika kitu kizito kwenda katika kitu chepesi, na kwamba pembe ambayo kwayo inaufikia uso sharti izidi ile iitwayo pembe ya mpaka. Huchora nusu duara na mistari yenye vichwa vya mishale. Huandika kwamba saini ya pembe hiyo ni moja kugawanywa kwa namba ya mpindo. Hufanya hesabu moja ya maji na moja ya kioo, na kengele hulia. Wanafunzi wameyanakili yote, na ukiwauliza baada ya wiki mbili watayakariri bila kigugumizi. Ila ukimkabidhi mmojawao bilauri ya maji ukamwambia akuonyeshe alichokiandika, atakukodolea macho kama mtu aliyedaiwa deni asilolijua.

Simlaumu mwalimu huyo. Katika shule ya kutwa kule Kyuso, au Mutomo, au Kathonzweni, aghalabu ndiye huyohuyo anayefundisha Fizikia ya vidato vyote na Hisabati juu yake, na maabara, ikiwa ipo, hufunguliwa kwa dhati zinapokaribia siku za karatasi ya tatu ya mtihani wa taifa, wakati orodha ya vifaa inapofika kutoka Baraza la Mitihani na bohari nzima ikapekuliwa kutafuta pini na vipande vya kioo. Siku nyingine zote vipande hivyo vimo kabatini, vimehesabiwa, na ufunguo uko kwa mtu mmoja. Mwalimu aliyelelewa katika mazoea hayo huamini, na ni haki yake kuamini, kwamba pasipo kipande cha kioo cha nusu duara hakuna somo. Nami barua hii naiandika ili kuipinga itikadi hiyo na kuwaomba ninyi mlio na mamlaka mwondoe yale yanayoilinda.

Wala si fikra ngeni katika nchi hii, na Makueni ina hoja ya kutoisahau kuliko sehemu nyingine. Mnamo 1998, Serikali ya Kenya ikishirikiana na Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani ilianzisha mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Hisabati na Sayansi katika shule za sekondari, uliojulikana kwa walimu wote kwa jina la SMASSE, na Makueni ikawa miongoni mwa wilaya tisa zilizochaguliwa kuujaribu kabla haujaenezwa nchi nzima kuanzia 2003, hapo ulipozifikia Kitui na wilaya nyingine. Walimu waliitwa katika semina wakati wa likizo (na walinung'unika sana juu ya likizo hizo, jambo ambalo lilikuwa haki yao vilevile), wakafundishwa kwamba somo lianze kwa tendo, kwamba mwanafunzi awe ndiye mtendaji, kwamba jaribio litangulie maelezo, na kwamba kifaa kikikosekana kibuniwe kwa vitu vilivyo karibu. Nguzo hiyo ya nne ndiyo iliyowapendeza walimu wa sehemu zetu kavu, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuanguka, kwa kuwa kubuni kifaa huhitaji muda, na muda ni mali ambayo ratiba ya shule haimkopeshi mtu.

Basi na nieleze kwa kituo vitu vinavyoweza kufanyika, ili asitokee wa kusema kwamba nimeomba yasiyowezekana.

Chukua bilauri angavu ya kawaida, itie maji hadi robo tatu, tia kijiko au kalamu ndani yake, kisha iinue bilauri juu kidogo ya usawa wa macho na uutazame uso wa maji kutoka chini, ukipitisha jicho ubavuni. Utauona uso huo uking'aa kama fedha iliyosuguliwa, na ndani yake umo mfano wa kile kijiko ukiwa umepinduliwa, na dari iliyo juu ya bilauri huioni kamwe. Hakuna kilichopakwa pale. Ni nuru iliyoingia ubavuni, ikapanda hadi kwenye uso wa maji, ikaukuta kwa mlalo usioruhusu kutoka, ikarudi chini hadi kwenye jicho lako. Tendo hili halichukui nusu dakika, na darasa la watu hamsini laweza kulifanya kwa bilauri kumi zilizoazimwa jikoni, lakini faida yake ni kubwa, kwa kuwa tangu saa hiyo mwanafunzi ana swali lake mwenyewe, na mwalimu hana haja ya kumwekea la kitabu.

Baada ya hilo ifuate sarafu. Weka sarafu ya shilingi kumi juu ya meza iliyo kavu, uisimamishe bilauri tupu juu yake, na kila mtu aione sarafu kwa kutazama ubavuni. Funika bilauri kwa sahani ndogo, ukiacha mwanya wa kumiminia tu, kisha mimina maji polepole hadi yajae, na uufunike mwanya. Sarafu itatoweka. Wanafunzi watainama, watazunguka meza, wengine watadai kwamba mwalimu ameitwaa, nayo ipo palepale. Sababu ni kwamba nuru itokayo katika sarafu huvuka kwanza utando mwembamba wa hewa ulio kati yake na kitako cha bilauri, na kwa kuwa inaingia majini ikitoka hewani hupindwa kuelekea juu, ikawa haiwezi kulala zaidi ya digrii 49 hivi kutoka mstari wa wima. Ikiufikia ubavu wa bilauri katika hali hiyo, karibu yote huwa imeizidi pembe ya mpaka, hurudishwa ndani, hupanda juu, na kule juu tumeiwekea sahani. Mengi ya maelezo huishia hapa, nami nawasihi walimu wasiishie hapa, bali wainue bilauri, watone maji kidogo juu ya sarafu, kisha waikalishe bilauri juu yake ili maji yaijaze ile nafasi na hewa itoke. Sarafu hurudi! Haikuwa siri ya maji yaliyo juu. Ilikuwa siri ya hewa iliyo chini, na mwanafunzi aliyeyaona yote mawili amelielewa lile sharti la kwanza, la kutoka katika kizito kwenda katika chepesi, kuliko aliyeliandika mara mia.

Na kwa kuwa nimelitaja sharti hilo, niruhusiwe kuteta kidogo juu ya ule uzito na wepesi unaoandikwa ubaoni. Mtoto akisikia kitu kizito hufikiria mizani. Mafuta ya kupikia huelea juu ya maji, kwa hiyo ni mepesi kuyashinda, na hata hivyo hupinda nuru kuyashinda maji. Mwenye kukariri habari ya uzito ataanguka hapo, na mwalimu hatajua kwa nini ameanguka. Inatosha kumwambia kwamba nuru huenda kwa kasi kubwa katika vitu vingine na kwa kasi ndogo katika vingine, kilomita 300,000 kwa sekunde katika anga tupu na karibu sawa na hizo hewani, 225,000 hivi majini, 200,000 hivi kiooni, na kwamba marufuku hii huipata tu inapotoka mahali inapokwenda polepole kwenda mahali inapokwenda mbio.

Kupima je? Hapa ndipo watu husema kwamba kipande cha kioo cha nusu duara hakina badali. Kinayo. Chukua mkebe wa plastiki angavu, wa mviringo na wenye kifuniko kisichovuja, wa namna ile madukani huwekwa peremende. Utie maji hadi nusu, uufunge, uulaze ubavu. Maji yaliyomo sasa ndiyo nusu duara yenyewe, na uso wake uliotulia ni sawasawa kuliko kioo chochote kilichokatwa kiwandani. Juu ya kitako cha mkebe bandika karatasi iliyochorwa digrii kwa kipimapembe, kitovu chake kikiwa katikati ya mstari wa maji. Tia matone mawili ya maziwa ili mwale uonekane majini, na hewani juu yake pachezeshwe vumbi la chaki. Kisha elekeza mwale mwembamba kutoka chini, kupitia ubavu wa mviringo, ukilenga kitovu, ili uingie bila kupindwa. Kitochi cha leza cha wachuuzi chafaa, kwa sharti kwamba akishike mwalimu mwenyewe na kisielekezwe machoni mwa mtu. Na kisipokuwepo, tochi ya kawaida iliyozibwa kwa karatasi nyeusi yenye ufa itatosha, au, kwa kuwa jua la Ukambani halijapata kutuhini, kioo cha kujitazamia kikirusha jua kupitia ufa wa dirisha lililozibwa kwa gunia.

Katika mkebe huo darasa litaona yasiyochorwa ubaoni. Mwale ukifika kwa digrii 30, mwingi wake hutoka ukiwa umepindwa hadi karibu 42, na kiasi kidogo, dhaifu, hurudi ndani. Ukifika kwa 40, unaotoka umelala hadi 59 hivi, na unaorudi umepata nguvu kidogo. Ukifika kwa 48, unaotoka umekuwa kama unaoburura juu ya uso wa maji, kwa digrii 81 hivi. Songeza kidogo tu, upite 49, na mwale wa nje hutoweka, na wa ndani hung'aa ghafla kwa nuru yote. Kumbe kurudi kwa nuru kulikuwako tangu mwanzo. Kilichotokea pale mpakani ni kwamba hakuna tena sehemu ya kuigawia hewa. Wanafunzi wanaofundishwa kwa picha ya ubaoni hudhani kuna vitu viwili visivyojuana, kupindwa kwa upande mmoja na kuakisika kwa upande mwingine, na kwamba pembe ya mpaka ni swichi inayozima kimoja na kuwasha kingine. Mkebe wa peremende huwatoa katika dhana hiyo kwa muda mfupi, na hesabu ikiandikwa baada ya hapo, moja kugawanywa kwa 1.33 ambayo ndiyo namba ya mpindo ya maji, haiji tena kama amri bali kama kuthibitishwa kwa yale macho yameyaona.

Najua litakalosemwa juu ya maji. Mlango wa kupindwa kwa nuru huja mapema katika mwaka wa kidato cha tatu, ndiyo miezi ambayo kwetu mvua za vuli zimekwisha, zile za masika hazijaja, na hata palipo na mabwawa ya mchanga, ambayo ni fahari ya watu wetu na kazi ya vikundi vya mwethya, mama huchimba chini zaidi kila wiki. Shule inayonunua maji kwa mkokoteni haitaki kusikia habari ya kuyamimina kwa ajili ya darasa. Lakini majaribio haya yote hutumia chini ya ndoo moja, na maji hayanywewi na nuru: hubaki yaleyale, na jioni hupelekwa kwenye mti au sakafuni.

Hata lile jaribio linaloonekana kuwa la israfu, la mfereji wa maji, halipotezi kitu ukiweka beseni. Toboa chupa ya plastiki kwa msumari karibu na kitako, ijaze, iache maji yatoke katika upinde, na nyuma ya chupa, mkabala na tundu, weka mwale wa nuru katika chumba cha giza. Nuru itaingia katika mfereji, haitatoka ubavuni ila kidogo, itafuata upinde wa maji, na pale maji yanapoanguka beseni litang'aa. Mwanazuoni Daniel Colladon aliwaonyesha watu wa Geneva jambo hili mnamo 1841, akitaka tu wauone vizuri mtiririko wa maji, na John Tyndall akaliweka hadharani London mnamo 1854. Kwa miaka mingi lilikuwa pambo la maonyesho na chemchemi za rangi. Hakuna aliyefikiri kwamba kutoka katika upinde ule utatoka waya wa kuipeleka sauti ya mtu ng'ambo ya bahari.

Na hapa, Waheshimiwa, ndipo pana kiini cha ombi langu. Mnamo 2009 nyaya za nuru zipitazo chini ya bahari, za TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa. Na kutoka Mombasa, ili habari zake zifike Nairobi, nyuzi za kioo zilizikwa kando ya njia kuu inayopita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud. Katika nyuzi hizo, ambazo kila mmoja unene wake ni kama thumuni ya milimita, hupita barua, fedha za simu, sura na sauti za nusu ya nchi, na zote hupita kwa hila ileile ya bilauri: kiini cha kioo kinachopunguza kasi ya nuru kidogo zaidi kuliko kioo kinachokizunguka, na nuru ikifika mpakani mwao imelala, ikarudishwa, ikaendelea. Umbali wa Mombasa hadi Nairobi, ambao kwa barabara ni kilomita 480 hivi, nuru huumaliza katika elfu mbili na nusu ya sekunde, nikikusudia sehemu mbili na nusu katika sehemu elfu. Mhandisi Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyefanya kazi Uingereza, alisema mnamo 1966 kwamba nuru hufifia katika nyuzi kwa sababu ya uchafu uliomo kiooni wala si kwa sababu ya kioo chenyewe, na kwamba kikisafishwa hata ibaki sehemu moja tu katika mia baada ya kilomita nzima, njia hiyo ingefaa kwa mawasiliano. Kiwango hicho kilifikiwa Marekani mnamo 1970, na mwenyewe alitunukiwa Nobeli mwaka uleule wa 2009 nyaya zilipotufikia. Mtoto wa Kibwezi anayeandikiwa ubaoni kwamba matumizi ya jambo hili ni nyuzi za mawasiliano, pasipo kuambiwa kwamba nyuzi hizo zimelala ardhini karibu na lango la shule yake, amenyimwa nusu ya elimu aliyokuja kuitafuta.

Kwa kuwa nimo katika kuteta, nitataja makosa mawili yanayoingia mitihani ya ndani ya shule mwaka baada ya mwaka. La kwanza ni la upinde wa mvua, unaotajwa kuwa mfano wa kuakisika kamili. Sio. Kamal al-Din al-Farisi, aliyeishi Uajemi na kufariki mwanzoni mwa karne ya 14, alijaza maji katika tufe la kioo akalifanya badala ya tone la mvua, akizifuata kazi za Ibn al-Haytham wa Basra na Misri, akaonyesha kwamba nuru hupindwa inapoingia, huakisika nyuma ya tone, na hupindwa tena inapotoka. Lakini kuakisika huko ni kwa sehemu tu. Hoja yake ni nyepesi hata kwa kidato cha tatu: tone ni duara, na nuru iliyoingia huufikia ukuta wa pili kwa pembe ileile iliyo nayo ndani ya ukuta wa kwanza, maadamu iliweza kuingia kwa pembe hiyo, basi yaweza pia kutoka, na wingi wake hutoka.

La pili ni la mazigazi, na hili nalisema kwa taratibu, kwa kuwa vitabu vyenyewe huyaweka chini ya kichwa hiki. Kila anayesafiri adhuhuri katika barabara ya lami inayoziunganisha Kibwezi, Mutomo na Kitui ameliona bwawa lisilofikika likimetameta mbele ya gari. Hewa iliyogusa lami imepata joto, imekuwa nyembamba kuliko ile ya juu, na nuru ya mbingu inayoshuka kwa mlalo mkali hugeuzwa kurudi juu hadi machoni. Ila kati ya hewa ya moto na ya baridi hakuna mpaka mkali kama uso wa maji. Hubadilika tabaka kwa tabaka, na nuru huzunguka kwa upinde mpole. Gaspard Monge, aliyefuatana na jeshi la Napoleon Misri mnamo 1798, alieleza kwa nini maziwa ya jangwani yaliwakimbia askari wenye kiu. Mwalimu ayafundishe mazigazi, ni yetu kuliko ya wengine, ila asimwadhibu mwanafunzi atakayeuliza mpaka uko wapi; huyo ndiye aliyeelewa.

Sasa wakati. Kidato cha tatu cha mwaka huu wa 2026 ndicho cha mwisho katika mpango wa 8-4-4, kwa kuwa waliomo walifanya mtihani wa mwisho wa darasa la nane mnamo 2023 nao watafunga ukurasa wa KCSE mwakani. Na katika chumba cha jirani limeketi darasa la kumi la kwanza la sekondari ya juu, lililoahidiwa kufundishwa kwa kutenda na kwa stadi. Walimu ni walewale, kabati ni lilelile, ufunguo ni uleule. Ikiwa kidato hiki cha mwisho kitasomeshwa nuru kwa chaki pekee, sioni muujiza utakaolifanya darasa la kumi lisomeshwe kwa namna nyingine, hata mtaala ukibadilishwa jina kila mwaka.

Najua pia ya kwamba kwa Katiba ya 2010 magavana wamekabidhiwa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, na shule za sekondari zimebaki kwa serikali ya taifa. Ndiyo maana sikuwaandikia magavana, nimewaandikia ninyi. Wala siombi fedha. Naomba Wakuu wa shule waruhusu katika ratiba vipindi viwili vilivyoungana kwa ajili ya somo hili, na chumba kimoja kinachoweza kutiwa giza kwa magunia, hata kama ni stoo ya mahindi. Naomba mtihani wa ndani wa muhula uwe na swali moja ambalo haliwezi kujibiwa ila na aliyeona, mathalani lile la kwa nini sarafu ilirudi, na anayesahihisha akubali jibu lililoandikwa kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe, ingawa hayafanani na ya kitabu. Naomba Wakurugenzi wanapotuma maofisa wa ubora wasiishie kukagua madaftari ya matayarisho, bali wamwambie mwanafunzi yeyote achukue bilauri. Naomba mikutano ya walimu wa Fizikia wa tarafa, ambayo ilikuwa hai zama za SMASSE, ifufuliwe hata mara moja kwa muhula, mwalimu wa Mwingi akamwonyeshe mwenzake wa Kyuso mkebe wake, na wa Wote amwonyeshe wa Nunguni. Posho ya chai inatosha.

Na kwa Bodi za Usimamizi ninalo moja la mwisho, ambalo ni dogo lakini ndilo linalowafunga mikono walimu wengi kuliko wanavyokiri mbele yenu. Kifaa kikivunjika katika jaribio, gharama yake iandikwe katika daftari la matumizi ya shule, wala asitozwe mwalimu katika mshahara wake, wala mtoto asirudishwe nyumbani kuleta bei ya bilauri.

Nimebaki wenu katika utumishi wa elimu,

Mwalimu wa zamani wa Fizikia, Ukambani